Taa ya Haibridi Inayowaka na Kuzimika: Betri Mbovu au Waya wa Kupimia?

Swali ambalo wenye magari ya haibridi huwauliza mafundi wa Lilongwe, Lumbadzi na Dzaleka nchini Malawi ni hili: kama betri kubwa imekufa kweli, mbona taa ya hatari iliwaka asubuhi, mchana ikazimika yenyewe, na gari likaendelea kwenda kama kawaida?

Swali ni la haki. Betri iliyochoka hudhoofika siku hadi siku. Haifi asubuhi ikafufuka mchana. Taa inapowaka na kuzimika bila mpangilio, mara nyingi chanzo ni njia inayotumika kuipima betri: waya mwembamba, nati iliyolegea, pini yenye kutu au kipande cha shaba kilicholiwa. Betri yenyewe huenda ni nzima.

Jibu lina uzito mkubwa wa pesa. Malawi haina bahari. Gari lililotumika Japan hushushwa Dar es Salaam na kuvuka mpaka wa Kasumulu na Songwe, au hupitia Beira au Durban, na vipuri vyake hufuata njia hizohizo ndefu. Uhaba wa petroli uliorudiarudia tangu 2022 umewafanya watu walipende gari linalonywa mafuta kidogo. Mtu aliyejinyima akalinunua hastahili kuuziwa betri nzima kwa sababu ya waya mmoja.

Betri kubwa imepangwaje

Gari la haibridi lina injini ya petroli na mota ya umeme vinavyosaidiana. Mota hupata umeme kutoka kwenye betri kubwa, ambayo ni tofauti na betri ndogo ya volti 12 inayowasha taa na redio. Gari la umeme mtupu halina injini ya petroli. Lina betri kubwa zaidi na mota peke yake.

Betri kubwa hujengwa kwa vipande vidogo. Kipande kidogo kabisa huitwa seli. Katika Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa 2003, seli moja ina volti 1.2. Seli 6 zimefungwa pamoja ndani ya boksi la plastiki linaloitwa moduli, lenye volti 7.2. Moduli 28 zimeunganishwa moja nyuma ya nyingine, na jumla yake ni volti 201.6. Toyota Aqua ya kizazi cha kwanza, iliyo ndogo kuliko Prius, ina moduli 20 na volti 144.

Moduli huunganishwa kwa vipande vya shaba vinavyokazwa kwa nati. Umeme wote unaoliendesha gari hupita hapo. Dereva akikanyaga mafuta kupanda mlima, mkondo huweza kufika ampia 100 au zaidi, ampia zikiwa kipimo cha wingi wa umeme unaopita.

Kompyuta inaionaje betri

Pembeni mwa betri kuna kompyuta ndogo ambayo kazi yake ni kuilinda. Katika Prius hiyo haipimi kila moduli, hupima jozi. Jozi moja ya moduli huitwa bloku, na bloku ziko 14. Gari likiwa limetulia, bloku yenye afya husoma kati ya volti 15 na 16. Gari likivuta kwa nguvu, usomaji hushuka. Likishuka mteremko na mota ikirudisha umeme kwenye betri, hupanda.

Kompyuta hupata vipimo hivi kupitia nyaya nyembamba. Kila waya una kipete mwishoni, na kipete hicho hubanwa chini ya nati pamoja na kipande cha shaba. Hapa pana jambo ambalo fundi anayeanza hulipita bila kulitazama: bloku 14 hazina nyaya 28. Zina sehemu 15 tu za kupimia, kwa kuwa bloku mbili zinazofuatana hutumia waya mmoja katikati. Waya ambao ni mwisho wa bloku ya 7 ndio mwanzo wa bloku ya 8.

Viwanja viwili vinavyopakana hugawana bikoni moja namna hiyohiyo. Bikoni ikisogea, kiwanja kimoja hukua na cha pili hupungua kwa kiasi kilekile, na eneo la vyote viwili kwa pamoja halibadiliki. Tuseme bloku ya 7 na ya 8 zote zina volti 15.8, kisha waya wa katikati ukapoteza mguso. Kompyuta inaweza kusoma volti 13.1 kwenye bloku ya 7 na volti 18.5 kwenye ya 8. Ukijumlisha unapata 31.6, sawasawa na mara mbili ya 15.8. Hakuna umeme uliopotea. Mpaka ndio uliohama.

Hesabu hiyo ya darasa la tatu ndiyo silaha kubwa kuliko zote katika kazi hii, na haigharimu kitu.

Namba za hitilafu husema nini

Kompyuta ikiona jambo lisilo la kawaida huhifadhi namba ya hitilafu, yaani mchanganyiko wa herufi na tarakimu unaosomwa kwa mashine au kwa programu ya simu. Magari mengi kutoka Japan bado yana maandishi ya Kijapani kwenye dashibodi, kwa hiyo dereva huona pembetatu nyekundu na maneno asiyoweza kuyasoma. Namba ndiyo lugha pekee ambayo fundi na gari huelewana kwayo.

Namba inayowatia watu hasara ni P0A80. Maelezo yake rasmi huagiza kubadilisha betri ya haibridi, na wengi huyapokea kama hukumu ya mahakama ya rufaa. Lakini kompyuta haijaiona betri. Imeona tofauti kubwa ya usomaji kati ya bloku na bloku. Kama usomaji ni wa uongo, na hukumu ni ya uongo. Namba P3011 hadi P3024 hutaja bloku ya 1 hadi ya 14 kuwa dhaifu, na P3030 huelekeza kwenye muunganisho uliokatika kati ya betri na kompyuta yake. Magari mapya zaidi yana kundi linaloanzia P0B3B, linalohusu njia za kupimia zenyewe. Ndani yake P0B3F maana yake ni kwamba njia ya kwanza inakatika na kurudi.

Pamoja na namba, kompyuta huhifadhi kumbukumbu ya tukio: mwendo wa gari, joto la betri, mkondo na volti za wakati ule taa ilipowaka. Kufuta namba kabla ya kunakili kumbukumbu hiyo ni kosa kubwa, kwa sababu hitilafu inayokuja na kuondoka haina shahidi mwingine. Anayetaka kuuza gari haraka hufuta kila kitu asubuhi ile ya mauzo. Mnunuzi alichunguze baada ya kuliendesha, asiridhike na kuliwasha tu.

Magonjwa matatu yanayofanana

Bloku moja kusoma chini kuliko wenzake kunaweza kuwa na sababu tatu, na kila sababu ina tabia yake.

Ya kwanza ni bloku dhaifu kweli. Seli zake zimezeeka au moja imekufa. Usomaji wake hufuata kazi: gari likivuta, hushuka kupita wenzake, mlima ukiwa mrefu, huzidi kushuka, gari likisimama, hupanda polepole bila kuwafikia wenzake. Wakati wa kuchaji, bloku hiyohiyo hupanda haraka kuliko nyingine kwa kuwa uwezo wake wa kuhifadhi umepungua. Gari likilala usiku kucha, asubuhi bloku hiyo huonekana imeshuka zaidi. Jirani zake hazina habari.

Ya pili ni waya wa kupimia usioshika. Usomaji huruka ghafla juu au chini, pengine gari likiwa limesimama na mkondo ni karibu sifuri. Jirani mmoja huruka upande wa pili kwa kiasi kilekile. Jumla ya wawili hao inabaki ilivyokuwa. Gari likipita shimo, usomaji unaweza kurudi sawa kana kwamba hakukuwa na tatizo. Betri haina uwezo wa kufanya hivyo: kemia haibadiliki kwa sababu tairi limedunda.

Ya tatu huwachanganya hata waliobobea: kipande cha shaba kilicholiwa na kutu, au nati iliyolegea kwenye njia kuu ya umeme. Hapo ukinzani, yaani kizuizi kwa umeme unaopita, umeongezeka. Ukinzani wa miliomu 10, ambao mita ya kawaida haiwezi kuupima sawasawa, ukipitiwa na ampia 100 hupoteza volti 1 nzima. Kwa hiyo bloku hushuka gari likivuta na kupanda likichaji, kama bloku dhaifu. Tofauti iko kwenye muda. Kosa la shaba huja na mkondo na kuondoka nao papo hapo. Mkondo ukifika sifuri, bloku husoma sawa na wenzake. Bloku dhaifu huchukua muda kujikongoja, na gari likiwa limetulia bado huachwa nyuma.

Ziko bloku mbili zisizo na jirani upande mmoja: ya kwanza na ya mwisho. Waya wa pembeni kabisa ukikatika, hakuna anayepanda ili kufidia anayeshuka, na jumla ya bloku zote hupungua. Hapo msaada hutoka kwenye inveta, kifaa kinachobadilisha umeme wa betri kuwa umeme wa kuendesha mota. Inveta ina kipimo chake cha volti ya betri nzima. Jumla ya bloku ikiwa volti 212 na inveta ikisema 215, hakuna cha kutisha. Jumla ikiwa 208 na inveta 215, huku bloku ya 14 peke yake ikiwa imeshuka kwa volti 7, waya wa mwisho ndio wa kwanza kushukiwa.

*Kwa ufupi:* anayeshuka peke yake na kupona polepole ni bloku. Wanaokwenda kinyume kwa kiasi sawa ni waya. Anayefuata mkondo hatua kwa hatua bila kuchelewa ni shaba au nati.

Kwa nini hitilafu huja na kuondoka

Mwaka wa Lilongwe una baridi ya Juni na Julai, joto kali la Oktoba, kisha mvua za kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Chuma na shaba hunywea kwa baridi na kutanuka kwa joto. Kipete kilichobanwa juu ya kutu hushika mchana na kuachia alfajiri. Mvua huingiza unyevu kupitia mpira uliochakaa wa taa za nyuma au mlango wa nyuma, mahali ambapo katika Prius ni karibu kabisa na betri. Na vumbi la njia za ndani ya Dzaleka huziba njia ya hewa ya feni inayopoza betri, ambayo huvuta hewa kutoka ndani ya gari karibu na kiti cha nyuma. Feni ikiziba, betri huchemka, na kila kiungo chenye udhaifu huumbuka.

Sababu nyingine iko ndani ya betri. Seli za Prius hiyo zina potasi haidroksidi, alkali kali. Moduli ikizeeka, unyevu wa alkali hupenya taratibu kandokando ya bolti na kuanza kuila shaba. Ukifungua kifuniko unaona unga wa kijani au wa buluu umejikusanya kuzunguka nati, na chini ya kipete mng'ao wa shaba umegeuka weusi. Wakati mwingine kijani hicho kimepanda ndani ya waya, chini ya ganda, hadi nyuzi zote zimekatika isipokuwa mbili tatu. Kwa nje waya unaonekana mpya. Ukiukunja kwa vidole karibu na kipete, unahisi ni mlegevu mahali pamoja, kwa kuwa ndani hakuna tena cha kuushikilia.

Kabla ya kufungua chochote

Umeme wa betri hii unaua. Mtu aliyezoea kugusa betri ya volti 12 kwa mikono mitupu asidhani ni jambo lilelile. Volti 200 za umeme usiogeuka hukaza misuli ya mkono, na mtu hushindwa kuachia. Asiye na vifaa vilivyotajwa hapa chini afanye upimaji wa simu na mashine tu, kazi ya kufungua ampe mwenye navyo. Hilo halina mjadala, hata mteja akisimama juu ya kichwa.

- Zima gari, toa ufunguo uuweke mbali, kisha ondoa waya hasi wa betri ndogo.
- Vaa glovu za mpira za fundi umeme zilizothibitishwa kwa volti 1,000. Zijaze hewa kwanza, zikivuja, hazifai.
- Chomoa plagi ya usalama yenye mshiko wa rangi ya chungwa, uiweke mfukoni ili mtu asiirudishe.
- Subiri dakika 10 ili kapasita, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme ndani ya inveta, ziishiwe nguvu. Hakikisha kwa mita.
- Vua pete, saa na mkufu. Funga mpini wa spana kwa utepe wa umeme.

Kuchomoa plagi hakuiui betri. Huigawa vipande viwili tu, na kipande kimojawapo bado kina zaidi ya volti 100. Glovu hubaki mikononi muda wote kifuniko kikiwa wazi.

Mpangilio wa upimaji

Kazi huanzia betri ndogo. Ikiwa chini ya volti 12 gari likiwa limezimwa, kompyuta zote hutoa taarifa za ovyo, na hakuna namba ya kuaminika. Betri ndogo yenye afya iliyojaa huwa karibu na volti 12.6.

Kisha dereva ahojiwe kwa makini. Taa iliwaka saa ngapi? Mvua ilinyesha usiku? Gari lilikuwa limetoka kuoshwa? Lilikuwa barabara kuu ya M1 likienda kasi, au likidunda kwenye makorongo? Daftari dogo kwenye dashibodi, lenye saa, mahali na hali ya hewa, lina thamani kuliko nusu ya mashine zilizoko sokoni.

Baada ya kunakili namba na kumbukumbu ya tukio, gari liendeshwe huku volti za bloku zikitazamwa. Simu yenye programu kama Dr. Prius, pamoja na kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, hutosha. Dereva aendeshe, mwingine asome. Njia ya kutoka Kanengo, Lilongwe, hadi Lumbadzi inafaa kwa mwendo wa kasi. Ya vumbi inafaa kwa mitikisiko, na ndiyo inayofichua waya. Lakini vifaa vya bei nafuu husoma bloku moja baada ya nyingine, si zote kwa wakati mmoja. Gari likiongeza kasi ghafla, bloku ya 1 imesomwa kabla ya mkondo kupanda na ya 14 baada yake, na tofauti inayoonekana ni ya muda tu. Bloku zilinganishwe gari likiwa kwenye mwendo usiobadilika. Katika hali hiyo, betri nzima huwa na tofauti ndogo, volti 0.2 hadi 0.3 kati ya bloku ya juu na ya chini.

Ushahidi ukielekeza kwenye waya au shaba, ndipo kifuniko kifunguliwe. Macho hutangulia mita. Kila waya uwekewe alama ya utepe na namba kabla ya kuguswa, kwa kuwa nyaya mbili zikibadilishana nafasi, kompyuta hupokea volti isizojengewa na inaweza kuungua.

Kupima volti peke yake hakutoshi, na hapa mafundi wengi hudanganyika. Mita ya kisasa huvuta umeme kidogo mno, kwa sababu ukinzani wake wa ndani ni megaomu 10. Waya ulioshikiliwa na uzi mmoja bado utaonyesha volti kamili. Kipimo cha kuaminika ni cha ukinzani: fungu la nyaya liondolewe kabisa kwenye betri na kwenye kompyuta, ncha za mita ziguswe zenyewe kwa zenyewe ili kujua kiasi cha kutoa, kisha kila waya upimwe kutoka kipete hadi pini huku ukikunjwa na kuvutwa taratibu. Waya mzima haufiki omu 1. Namba ikicheza wakati wa kukunja, mhalifu amepatikana.

Nyaya na vipande vya shaba vikiwa safi vyote, iko mbinu ya kubadilisha nafasi. Moduli za bloku inayolalamikiwa zihamishiwe mahali pa bloku nyingine. Lalamiko likihama nazo, moduli ndizo mbovu. Likibaki palepale, tatizo liko kwenye kompyuta ya betri au soketi yake. Pini zikaguliwe kwa kioo cha kukuzia, kwa maana tone moja la maji lililokauka linaweza kuacha kutu isiyoonekana kwa macho.

Magari ya umeme mtupu

Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010, ina seli za lithiamu zilizopangwa katika makundi 96, kila kundi likiwa na volti kati ya 3 na 4.2. Kanuni ya jirani ni ileile, ila kiwango ni kidogo zaidi: tofauti ya sehemu ya kumi ya volti tayari ni habari. Programu ya LeafSpy huonyesha makundi yote 96 kama safu ya vijiti. Kijiti kimoja kirefu kikifuatana na kimoja kifupi, huku vingine vyote vikiwa sawa, ni waya hadi ithibitike vinginevyo.

Lithiamu huongeza jambo moja. Kompyuta husawazisha makundi kwa kupunguza umeme wa lililojaa zaidi, na katika betri nyingi hutumia nyaya zilezile za kupimia. Miliampia 100 zikipita kwenye waya uliochoka wenye omu 1, volti 0.1 hupotea, na usomaji huharibika wakati wa kusawazisha tu. Ndiyo maana gari linaweza kuonyesha hitilafu likiwa limeegeshwa, halafu lisionyeshe lolote njiani.

Kurekebisha na kuhakikisha

Vipande vya shaba vyenye kutu hulowekwa kwenye siki hadi ving'ae, husuuzwa kwa maji safi na kukaushwa kabisa. Msasa usitumike: kwenye vipande vilivyopakwa nikeli, hukwangua ngozi hiyo inayoikinga shaba, na kutu hurudi mapema. Waya wenye kijani ndani haukwanguliwi. Hukatwa na kuwekwa mwingine wa unene uleule, au fungu zima hubadilishwa. Nati za Prius hukazwa kwa nyutoni-mita 5.4, kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Kiasi hicho ni kidogo kuliko mkono wa fundi unavyodhani, na bolti iliyozidishiwa hung'oka ndani ya plastiki, ikaua moduli iliyokuwa nzima.

Njia ya hewa ya feni husafishwa siku hiyohiyo. Namba hufutwa sasa, si kabla. Kisha gari hurudishwa kwenye hali iliyolisumbua: kama taa iliwaka alfajiri ya baridi, liwashwe alfajiri; kama ilikuwa baada ya mvua, lisubiriwe hadi mvua inyeshe. Bloku zilizokuwa zikikwenda kinyume zikibaki pamoja katika hali ileile, kazi imekwisha na gari linaweza kukabidhiwa.